TUNU, MKE ALIYEBAKI NYUMBANI

Katika michezo iliyopata kuigizwa kwa lugha yetu, ni michache iliyosikiwa na watu wengi kama ule ulioitwa "Twende na Wakati". Ulianza kutolewa na Redio Tanzania, Dar es Salaam, katika mwaka 1993, mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara. Televisheni ilikuwa imekwisha kuingia Unguja tangu mwaka 1973, lakini huku bara haikufika ila mwaka 1994. Basi kwa watu wa vijijini redio ndiyo iliyokuwa jukwaa.

Kisa chake ni hiki. Mkwaju, dereva wa lori, ana mke nyumbani, na katika vituo vya safari yake ana wanawake wengine. Mkewe, Tunu, amebaki na watoto, wala matumizi hayaletwi. Mwisho Mkwaju ashikwa na UKIMWI, akafa. Wasimuliao habari hizi humtaja Mkwaju kwanza, maana mambo yake yana kishindo. Mimi nataka kumsema Tunu, kwa kuwa naona yeye ndiye moyo wa mchezo.

Sisi wa Shinyanga na Geita tunamjua Tunu. Isaka ni mahali ambapo kwa miaka mingi mizigo imeshushwa katika gari la moshi na kupakiwa malori yaendayo Rwanda. Almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Na dhahabu ya Geita imewaita waume za watu tangu zamani za wakoloni mpaka leo. Mume huaga akisema, "Nitarudi baada ya mavuno," na mavuno hupita mara tatu. Mke huyo haishi peke yake, la; ana watoto, mawifi na majirani. Walakini ni mpweke, maana neno lililo zito moyoni hana wa kumwambia.

Uzuri wa mchezo ni kwamba haukumfanya Tunu kuwa shujaa kwa siku moja. Walioutunga walifuata njia ya Miguel Sabido wa Mexico, ambaye hugawa watu wa mchezo mafungu matatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wale wa katikati wanaojifunza polepole. Tunu ni wa fungu hili la tatu. Kwanza hunyamaza na kutii. Kisha aanza biashara ndogo ili watoto wale. Ndipo hatimaye amwacha mume. Kila hatua yazaliwa na ile iliyotangulia, nasi twasadiki.

Hata hivyo ziko kasoro mbili. Ya kwanza ni hesabu iliyo sawa mno: mtenda maovu alipwa kwa ugonjwa, akafa. Msikilizaji aweza kudhani kwamba ugonjwa ule ni mshahara wa mzinzi peke yake. Sivyo ilivyo. Wako wake waaminifu wasiotoka nyumbani kwao, nao wameletewa ugonjwa na mume arudiye kutoka machimboni. Mjane wa namna hiyo akisikia hesabu hii, atajiona amehukumiwa pasipo kosa. Mwandishi wa mafunzo hana budi kumkumbuka huyu, asije akamwongezea mzigo.

Ya pili ni ya huku kwetu zaidi. Tunu aondoka, lakini mwanamke wa Usukuma atauliza, "Na ng'ombe wa mahari je?" Baba aliyepokea ng'ombe, akawaozea wanawe kwa ng'ombe wale wale, hamfurahii binti arudiye. Mchezo wa nchi nzima hauwezi kuchukua desturi za kila kabila, nakubali. Lakini kwa wengi mlango aliotokea Tunu umefungwa kwa kamba ya ng'ombe.

Kuna neno jingine la kufikiri. Mpaka mwaka 1995 mchezo haukutolewa Dodoma, ili wataalamu wapate kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Katika uchunguzi wao waliona kuwa zaidi ya nusu ya watu wa mahali ulipofika waliusikiliza. Tena wanaume walizidi wanawake kidogo. Sababu si ngumu kwetu kuikisia: redio ni ya mume, na betri hununuliwa naye. Akisafiri, pengine huichukua. Hivyo yule aliyetungiwa kisa hiki huenda asikisikie, naye mume, aliyepasa kuaibika, hukisikia akiwa mbali pamoja na wenzake, akacheka.

Lakini acheke, baadhi ya maneno huingia kwa mlango wa kicheko. Mchezo huu ulifanya kazi njema, kwa sababu ulilitaja hadharani jambo ambalo tumezoea kulifunika kwa heshima. Iliyobaki ni kazi yetu walimu na vijana wa shule: kutunga Tunu wa machimboni, mwenye jembe, wakwe, na ng'ombe wa mahari, tukaigize mbele ya wanaume kabla hawajafunga safari.