Mjane Asiyenung'unika

Matendo ya Mitume 6:1–7 husomwa sana katika sharika zetu tunapowaingiza kazini wazee wa kanisa. Mahubiri yake mengi huelekea upande mmoja: Mitume walikataa kuliacha Neno ili wahudumu mezani. Nami nimehubiri hivyo kwa miaka. Siku hizi naona usomaji huo unaruka chanzo cha habari yenyewe, yaani wajane waliokuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku.

Luka anasimulia kwa utaratibu. Kulikuwa na manung'uniko, kusanyiko likaitwa, watu 7 wakachaguliwa na kuwekewa mikono. Majina yao yote ni ya Kiyunani. Yaelekea kazi ilikabidhiwa watu wa upande ule uliolalamika, waliojua ni nyumba ipi imerukwa. Upendo hapa umepewa majina na zamu.

Lakini habari hiyo inaanza na manung'uniko. Je, mjane asiyeweza kunung'unika? Katika usharika mmoja niliouhudumia nilimpelekea Chakula cha Bwana mama aliyefiwa na mume, akiishi peke yake. Nilipomwuliza kama amekula, alijibu kwa furaha kwamba binti yake ametoka sasa hivi, wamekula wali. Binti huyo anaishi mkoa mwingine, na jikoni kulikuwa na majivu ya baridi. Mama hakusema uongo. Alikuwa na dimensia. Nami ziara mbili zilizotangulia nilikuwa nimeandika daftarini: "Anaendelea vizuri."

Dimensia hutokana na maradhi ya ubongo. Si uzee tu, wala si uchawi. Mara nyingi mgonjwa hajui kwamba amesahau. Kumwambia, "Mama, ukihitaji kitu utuambie," ni kumpa kazi asiyoiweza.

Wengine watanijibu kwa 1 Timotheo 5, kwamba watoto na wajukuu ndio wa kwanza kutunza. Ni kweli. Ila sura hiyo hiyo inataja orodha ya wajane wa miaka 60 na zaidi, na kanisa linaagizwa kuwasaidia walioachwa peke yao. Mtoto anayetuma pesa kwa simu amefanya jambo jema, lakini pesa hiyo haizimi jiko la mkaa wala haihesabu vidonge vya presha.

Basi tupange mapema, mama akiwa bado anaweza kusema anachotaka. Akae na watoto wake, jirani na mzee wa kanisa. Kwanza apelekwe hospitali, maana baadhi ya visababishi vya kusahau hutibika. Kisha yaandikwe: nani atafunua chungu Jumatatu na nani Jumanne, dawa zitashikwa na nani, ufunguo wa pili uko kwa nani, hati ya nyumba iko wapi, na nani atamsemea atakaposhindwa kuamua.

Luka anamaliza kwa kusema kwamba Neno lilienea na wanafunzi wakaongezeka. Nilikuwa nikihesabu hayo kuwa matunda ya maombi ya Mitume peke yake. Sasa naona yanafuata mara baada ya ile orodha ya majina 7. Katika jumuiya yako, jina la Jumatatu ni la nani?