Nyumba ya Telluride: nani alikuwa anaamua?

Kila mara wanaposimulia historia ya nyumba ya Telluride kule Cornell, Marekani, wanatuhesabia majina. Mwanafizikia Feynman alikaa pale. Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya Marekani, aliishi pale mpaka kifo chake, 1965. Ni vizuri. Lakini mimi naona ile ni historia ya wageni, haiko ya wenye nyumba.

L. L. Nunn, tajiri wa umeme, aliijenga 1910. Kulala bure, kula bure. Kubwa zaidi: wanafunzi wenyewe njo wanapiga kura nani aingie na falanga zitumike namna gani. Ile njo ya kusifu. Lawama pia iko: mpaka miaka ya 1960, wanafunzi wa kike hawakuwa na nafasi.

Mimi nilikuwa maquisard miaka mbili, nalala chini kando ya kitanda cha mwenzangu. Tulikuwa nane chumbani. Hata balbu ikiungua, tulingojea wakubwa waamue. Siku tutaandika historia ya home zetu, tusianze na mawaziri waliopita humo. Tuanze hapa: nani alikuwa anaamua?