Mtafutaji kama Mhusika: Hadithi za Kusakwa Mahali na Urithi wa Fumbo katika Visiwa vya Lamu

Miongoni mwa fani zilizozuka mwanzoni mwa karne hii, na ambazo kwa kawaida huachiwa watalii na wapenzi wa vyombo vya kisasa, ipo ile ya hadithi inayosakwa mahali. Asili yake ya karibu yajulikana vyema. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuzipotosha kwa makusudi ishara za setilaiti zinazoonyesha mahali alipo mtu. Siku ya pili yake Dave Ulmer alificha ndoo yenye vitu vidogo vidogo karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akawatangazia wengine vipimo vya latitudo na longitudo ili waisake. Mchezo huo wa jiokashi ukaenea. Mwaka 2008 ukatoka mfumo uitwao Wherigo, ambao ulimwezesha mtunzi kuongeza kisa chenye wahusika, vitu na maeneo. Mtafutaji anapofika eneo fulani chombo alichokishika humsemesha, naye hujibu, na kisa huendelea kwa kufuata jibu lake. Waingereza wanalo tapo la zamani zaidi: huko Dartmoor, mwaka 1854, kiongozi wa wasafiri James Perrott aliweka chupa penye Cranmere Pool ili wafikao waache kadi zao. Lakini chupa ya Perrott haikuwa na kisa. Ilimtaka mgeni afike, basi.

Jambo linalomhusu mhakiki wa fasihi ni hilo la kisa. Katika hadithi iliyochapishwa msomaji hukaa nje. Katika tamthilia mtazamaji hukaa mbele ya jukwaa, hata pale msanii anapojaribu kuuvunja mpaka huo, kama alivyofanya Ebrahim Hussein mwaka 1976 kwa kumrudisha mtambaji katika Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini. Katika hadithi ya kusakwa, hadhira haina pa kukaa. Mtafutaji hupewa nafsi, akaambiwa: wewe ndiwe fulani, enda. Hapo huzuka maswali mawili ambayo watunzi wa fani hii aghalabu huyapita kwa haraka. Nafsi hiyo aliyopewa ni ya nani? Na akiwa ndani yake, ana uhuru gani? Makala haya yanayachungua maswali hayo kwa kuyaweka katika visiwa vya Lamu, yaani Amu, Manda, Pate na vile vidogo, kwa sababu huko maswali yenyewe si mapya hata kidogo.

Ianzwe na lililo dogo. Kitendawili cha Kiswahili ni mchezo wa watu wawili wenye majukumu yaliyokwisha kugawanywa. Mmoja hutega, mwingine hutegua. Na anayeshindwa hatakiwi kulipa fedha wala kitu, hutakiwa kutoa mji. Mtegaji huupokea, husimulia jinsi alivyofika huko, alivyokaribishwa, alivyokula na kunywa, na ndipo afumbuapo. Wanafunzi wa fasihi simulizi wameizoea desturi hii mno hata hawaistaajabii, ilhali ni ajabu: gharama ya kutojua ni mahali. Katika jiokashi anayejua ndiye apataye mahali. Katika kitendawili asiyejua ndiye apotezaye mahali, na kwa kupoteza huko hupata masimulizi. Kushindwa kwake kunazaa hadithi. Hadithi nyingi za kusakwa hazina chochote cha kumpa anayekosea isipokuwa kumwambia ajaribu tena, na huo ni umaskini wa fani.

Lililo kubwa ni Liyongo. Utendi uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, pamoja na masimulizi yaliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, umehifadhi kisa ambacho kwa kiini chake ni hadithi ya kitu kilichofichwa. Liyongo yumo gerezani, amefungwa minyororo. Chakula aletewacho na kijakazi Saada huliwa na walinzi. Anatunga maneno ya kupelekewa mama yake: aoke mikate, na ndani ya mkate wa wishwa atie tupa. Walinzi wanaichukua mikate mizuri na kuudharau ule wa wishwa, nao unamfikia mwenyewe. Kisha, kwa vishindo vya gungu na makofi ya watu, sauti ya tupa ikimezwa na ngoma, anaikata minyororo.

Tazama jinsi majukumu yalivyogawanywa hapa. Maneno ni yale yale, lakini kila ayasikiaye husimama mahali pake: mlinzi ni mwenye kupita asijue, Saada ni mbebaji, mama ni mfumbuaji. Hakuna aliyeambiwa jukumu lake. Kila mmoja amelichukua kwa jinsi alivyo na kwa vile anavyompenda au kumchukia mfungwa. Hata maficho yenyewe yana maana ya kijamii, kwa kuwa tupa haikufichwa mbali na macho bali katika chakula cha kimaskini ambacho mwenye kiburi hakigusi. Watunzi wa jiokashi husumbuka sana kutafuta mawe ya bandia na vigogo vilivyotobolewa. Mkate wa wishwa unawafundisha kwamba maficho bora hujengwa kwa tabia ya mpita njia.

Lakini utendi huu una tukio jingine, ambalo kwa uhakiki wa fani hii ni zito kuliko la mkate. Maadui wa Liyongo wanamwingiza katika kikoa cha makoma: kila mmoja kwa zamu yake atapanda mkoma na kuwaangushia wenzake. Azma yao ni kumpiga mishale zamu yake itakapofika, akiwa juu. Huu ni mchezo uliobuniwa barabara. Una kanuni, una zamu, una mahali, na una mwisho mmoja tu. Zamu inafika. Liyongo hakatai kucheza, wala hapandi. Anasimama chini na kuyaangusha makoma kwa mishale. Ameitimiza kanuni, ila ameuvunja mtego.

Ukikipima kipimo hicho kwa hadithi za kusakwa zilivyo leo, nyingi zinaonekana kuwa mikoma. Mtunzi ameandika majibu mawili au matatu, na mtafutaji anadhani anachagua kumbe anapanda tu. Yaweza kujibiwa kwamba mashine haiwezi kulipokea jibu ambalo halikuandikwa, na ni kweli. Lakini hoja hiyo inakihukumu chombo tu. Fani yenyewe ina uwanja ambao hauko ndani ya chombo, yaani ardhi, jua, watu wapitao, mzee aliyeketi barazani ambaye anaweza kuulizwa. Mtunzi anayeliacha fumbo lake wazi kiasi cha kumlazimisha mtafutaji amsalimu mtu na kuuliza, amempa uhuru ambao hakuna orodha ya majibu iwezayo kuutoa.

Tukio la tatu ni la mwana. Mtoto wa Liyongo anatumwa na mfalme akatafute siri: ni kitu gani kimuuacho baba yake? Ameahidiwa cheo na ndoa. Anauliza, baba anatambua kuwa ametumwa, na bado anamwambia kuwa ni sindano ya shaba kitovuni. Mtafutaji amepata. Kwa hesabu ya mchezo ameshinda, na ushindi huo ndio uovu wake. Liyongo anakufa penye kisima akiwa amepiga goti na mshale upindeni, na watu wa mji wanaogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai. Mwana hakuyafaidi aliyoahidiwa.

Hapa ndipo fani hii ingeweza kupata uzito wake. Ni rahisi kumpa mtafutaji nafsi ya shujaa, na karibu kila mtunzi hufanya hivyo. Ni vigumu zaidi, na kuna manufaa zaidi, kumpa nafsi ya yule mwana: aendelee kufumbua, afurahie kila hatua, na mwishoni aione kazi aliyokuwa akiifanya. Riwaya inaweza kutuonyesha msaliti. Hadithi ya kusakwa inaweza kumfanya msomaji aende kwa miguu yake mwenyewe mpaka kisimani.

Nafsi inayopendwa kuliko zote na watunzi wa jiokashi ni ya msaka hazina, na kwa Lamu ndiyo nafsi mbaya kuliko zote. Makaburi ya nguzo ya pwani yalipambwa kwa mabakuli ya kaure yaliyopachikwa ukutani, mengi yameng'olewa. Huko Takwa, kisiwani Manda, mji ulioachwa katika karne ya 17 na ambao James Kirkman aliufanyia kazi mwaka 1951, limo kaburi la nguzo lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijra, yaani 1682 au karibu yake, na watu wa Shela wamekuwa wakilizuru kuomba mvua. Mtunzi anayemwambia mgeni "wewe ni mwindaji wa dhahabu ya Takwa" anamvisha vazi la wale walioziharibu kuta zile. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi inayalinda magofu hayo, na kanuni za jiokashi zenyewe zinakataza kuchimba. Lakini sheria hulinda jiwe, hailindi maana. Zaidi ya hayo, tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014, kisanduku kilichofichwa kichakani katika nchi ile si mchezo kwa yeyote akionaye. Kwa sababu zote mbili hadithi ya Lamu haina budi kuwa haina kisanduku. Kinachofichwa kiwe ni neno.

Na mfano wa hadithi isiyo na kisanduku upo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyohaririwa na William Hichens mwaka 1939 na tena na James de Vere Allen mwaka 1977, imezoeleka kusomwa kama wasia wa kidini, nayo ndivyo ilivyo. Lakini ukiisoma kwa jicho la fani, ni matembezi. Mshairi ameugawa moyo wake ukawa mtu wa pili, akauchukua hadi kwenye majumba ya Pate na kuuonyesha: madaka yaliyopangwa sahani sasa yamelaliwa na ndege. Moyo ndio mhusika, na moyo ule ni wa kila asomaye. Hapewi chaguo lolote, ni kweli. Anapewa maswali, na maswali yale hayajibiki kwa kubonyeza. Mgeni anayesimama leo Pate, ambako tumbaku imelimwa katikati ya kuta zilizoanguka, hahitaji kubuniwa jukumu. Limekwisha kuandikwa tangu mwanzoni mwa karne ya 19.

Yabaki mambo mawili ya ufundi. La kwanza ni maji. Takwa hufikiwa kwa chombo kupitia mkono wa bahari ulio kati ya mikoko, na maji yakitoka njia hufungika. Mtunzi aliyezoea miji ya Ulaya huandika kana kwamba mahali pako wazi wakati wote. Mtunzi wa Lamu ana mhusika asiyeweza kuamrishwa, naye ni bamvua na maji mafu; kisa kisichomtaja kitamwacha mtafutaji topeni akiwa na jibu sahihi.

La pili ni lugha, na hapa hapana pa kulegeza. Njia kuu ya mji wa Lamu huitwa Usita wa Mui. Kwa Kiamu maana yake ni njia ya mji tu. Lakini aliyejifunza Kiswahili sanifu, akalijua neno mui kwa maana ya mtu mwovu, atasoma njia ya mwovu, na kwa kosa hilo kisa kizima chaweza kujengwa: amtafute mwovu kutoka Mkomani hadi Langoni, asimpate, mpaka aulize. Fumbo hilo haliwezi kutungwa kwa Kiingereza, wala halitaeleweka likitafsiriwa. Linamweka msemaji wa Kiswahili sanifu katika jukumu ambalo hulizoea kuliona kwa wengine, yaani la mgeni asiyejua lugha. Na linampa mzee wa Kiamu, au Kipate likihamishiwa Pate, au Kisiu likipelekwa Siyu, cheo cha mfumbuaji. Akishindwa kabisa, na atoe mji. Mzee ataupokea, na ataanza kusimulia alivyokaribishwa huko.