Mjanja wa kisiwani, jangili wa nyikani

JUMAMOSI moja niliketi na wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu hapa Dandora, tukatazama filamu mbili za kale kwenye kipakatalishi. Zote mbili zilitoka Ealing, studio ya magharibi mwa London ambayo Michael Balcon aliiongoza tangu 1938, na ambayo Waingereza wanaienzi hadi leo. Nilitaka vijana wachunguze jinsi neno linavyoweza kumhukumu mhusika kabla hajafungua kinywa. Kumbe mwanafunzi siku hiyo nilikuwa mimi.

Ya kwanza ilikuwa Whisky Galore! (1949), yake Alexander Mackendrick. Ni wakati wa vita na kisiwa kimoja cha Uskoti kimeishiwa wiski. Meli iliyosheheni kreti za kinywaji hicho inakwama mwambani. Wanakisiwa wanazibeba na kuzificha, huku Kapteni Waggett na maafisa wa forodha wakizungushwa kama pia. Darasa lilicheka hadi machozi. “Hao wasee ni wajanja!” mmoja akasema, na hakuna aliyempinga.

Kisa hicho kina mizizi ya kweli. Meli SS Politician ilikwama karibu na kisiwa cha Eriskay mwaka wa 1941, na baadhi ya wenyeji waliochukua wiski walifungwa jela. Mahakama iliwaona wezi. Ealing iliwaona majirani.

Ya pili ilikuwa Where No Vultures Fly (1951), yake Harry Watt, iliyorekodiwa papa hapa Kenya. Bob Payton, mhusika aliyechorwa kwa kuigiza kazi ya Mervyn Cowie, mwanzilishi wa mbuga zetu za kitaifa, anahamia nyikani na mkewe na mwanawe ili aanzishe mbuga. Huko anapambana na wawindaji haramu wa pembe za ndovu. Mara hii hakuna aliyecheka. Hukumu ilikuja haraka: “Hao ni majangili.”

Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma akauliza, “Mwalimu, mbona wale wa wiski ni wajanja na hawa ni majangili? Si wote wamechukua kitu ambacho serikali imesema si chao?”

Swali hilo lilinikaba. Ealing ilipendwa kwa kusimama na mnyonge dhidi ya mwenye mhuri. Katika Passport to Pimlico, ya mwaka huo huo wa 1949, wakazi wa mtaa mmoja wa London wanajitenga na Uingereza na kutupilia mbali mgao wa vyakula, nasi tunawashangilia. Ila studio hiyo ilipovuka bahari, ilihama upande. Shujaa akawa mwenye mhuri.

Tusiionee filamu hiyo. Mannering, mwovu wake mkuu, ni Mzungu. Tena kreti ya wiski hutengenezwa nyingine. Ndovu akiuawa harudi. Kosa langu nalo liko kwingine. Wanakisiwa wamepewa maisha: wana harusi, wana mama mkali anayemtawala mwanawe mtu mzima, wana Sabato wasiyothubutu kuivunja hata kiu ikiwaua. Tunaelewa kiu yao kabla ya kuona wizi wao. Mwindaji Mwafrika hapewi hata jioni moja nyumbani kwake. Tunakutana naye akiwa tayari na kosa mkononi.

Lugha ina mchango wake hapa. Kiswahili kina mwindaji na msasi, maneno yasiyo na lawama. Jangili ni hukumu tayari, na wajuao Kihindi watalisikia ndani yake neno la kumwita mtu wa porini, asiyestaarabika. Wawaata waliwinda ndovu kwa pinde na mishale ya sumu kwa vizazi. Tsavo ilipotangazwa mbuga mwaka wa 1948, upinde ulikuwa ule ule na mkono ule ule. Aliyelala msasi aliamka jangili.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mamake msichana yule huokota plastiki kwenye dampo la Dandora. Wapita njia humwita chokora. Kampuni ikiichukua plastiki hiyo hiyo, kazi hiyo huitwa urejelezaji, na hupewa hata cheti. Binti huyo hakuhitaji nadharia ya uhakiki kutoka kwangu. Nyumbani kwao, tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya kuheshimiwa na kutemewa mate.

Nilipogeuka nifute ubao, nikaona msamiati niliouandika kabla hatujatazama chochote: mhifadhi, sheria, jangili. Filamu ya kwanza sikuwa nimeiandalia orodha yoyote. Basi nisiisingizie Ealing peke yake. Hukumu ile niliisoma mimi, kwa chaki yangu, kabla ya shahidi wa kwanza kusimama.

Zitazameni filamu hizo, lakini zitazameni pamoja. Kila moja ndiyo mhakiki bora wa mwenzake.