Kilebu wa Miezi Mitano na Kiunzi cha Mita Moja

Waliohudhuria maonyesho ya mbwa wa ulinzi juma lililopita waliyaona kama nilivyoyaona mimi, kwa hiyo sina haja ya kueleza jinsi mbwa wapevu walivyotii amri, walivyofuata harufu, wala walivyomshika mwizi wa kuigiza. Kazi ile ilikuwa safi, na wenyewe wanastahili sifa. Neno langu ni juu ya yale yaliyotukia alasiri, alipoingizwa uwanjani kilebu wa German Shepherd wa miezi mitano, akarushwa kiunzi cha mita moja, akakivuka, na kisha, kwa ajili ya makofi tu, akarejezwa na kurushwa tena mara mbili. Hukumu yangu siifichi mpaka mwisho wa safu: lilikuwa kosa, tena kosa la mtu ajuaye, ambalo ni zito kuliko la mjinga.

Tulitazame jambo lenyewe kwa taratibu. Kilebu alipokikabili kiunzi mara ya kwanza alisita, masikio yakamlala, akainusa mbao ya juu; mkufunzi akamwonyesha mpira, naye, kwa ile raghba ya kumridhi bwana wake ambayo mbwa amejaliwa kuliko wanyama wengine wa nyumbani, akajitupa. Kupanda alipanda vizuri. Msiba ulikuwa katika kushuka, maana alitua juu ya udongo ulioshindiliwa kwa miguu ya mbele peke yake, vifundo vikalala hata kidevu kikakaribia kugusa ardhi, na miguu ya nyuma ikafika baadaye, huu huku na huu kule. Mbwa aliyesimama tu huchukua kadiri ya asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na anapotua kutoka juu mzigo huo huzidi mara kadhaa. Mbwa mpevu ana misuli ya mabega ya kuupokea. Kilebu wa umri ule ana kimo cha mbwa, lakini ncha za mifupa yake zingali gegedu.

Mara ya pili aliigonga mbao kwa miguu ya nyuma. Mara ya tatu, na hapa ndipo nisipoweza kusamehe, alijaribu kukizunguka kiunzi, ulimi umemning'inia pembeni kwa joto la saa tisa, akavutwa kwa ukanda wa shingoni akarudishwa mbele yake. Mnyama alikuwa amekwisha kutoa ushahidi wake mwenyewe, dhahiri kwa kila mwenye macho, na aliyelipwa ili amsome akachagua kuwasoma watazamaji.

Ajuaye viungo vya mbwa anajua kwamba juu kidogo ya kifundo cha mguu wa mbele ipo mifupa miwili iendayo sambamba, na kwamba ule wa nyuma hupata sehemu kubwa kabisa ya urefu wake katika sahani moja ya ukuaji, iliyochongoka, iliyo karibu na kifundo. Kwa kuwa imechongoka hivyo, sahani hiyo haina pa kuteleza: mshtuko utokao chini huisaga gegedu badala ya kuisogeza. Ikishasagika hufunga kabla ya wakati wake, mfupa wa nyuma ukaacha kukua ilhali mwenziwe wa mbele unaendelea, na kwa kuwa miwili hiyo imeshikamana juu na chini, ule unaokua hauna budi kujipinda kama upinde ulioshikwa na uzi wake. Ubaya wa jeraha la namna hii ni kwamba halijulikani siku ile. Picha ya eksirei iliyopigwa jioni ileile yaweza kutoka safi, na mguu ukaanza kugeuka nje baada ya majuma kadhaa. Basi ile huja iliyotolewa kwa kipaza sauti, kwamba mbwa hachechemei, si huja hata kidogo.

Wajerumani wenyewe, walioumba jamii hii, hawana pupa hiyo. Katika mtihani wao wa kustahimili, mbwa hukimbia kilomita 20 ubavuni mwa baiskeli kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa, wala haruhusiwi kuuingia kabla ya kutimiza miezi 16. Na mtihani wa kwanza wa kazi, wenye kiunzi cha mita moja kama hiki kilichotupa burudani, humngoja mpaka miezi 18. Kapteni Max von Stephanitz, aliyeasisi chama cha mbwa hao mwaka 1899, alikuwa askari wa farasi, na labda ndiyo sababu alijua tafauti ya mnyama aliyekua na mnyama aliyerefuka tu. Mwaka 1925, alipoona jamii yake inageuka kuwa ya mbwa warefu na wazito, alimtawaza Klodo von Boxberg, mbwa mfupi kuliko walivyotazamia wengi, wapende wasipende. Leo kwetu kilebu husifiwa kwa uzito wake, na mkufunzi kwa haraka yake. Sajini mmoja wa polisi, ambaye sasa amestaafu, alikuwa akilaza mbao chini na kuwapitisha vilebu juu yake kwa kunusa, miezi mingi, bila kuiinua hata kwa kimo cha tofali. Mbwa wake walifanya kazi mpaka uzeeni, wala sikusikia mtu akimpigia makofi.

Wako watakaonijibu kwa ile kaida yao ya dakika tano za matembezi kwa kila mwezi wa umri, ambayo nimekwisha kuilalamikia hapa hata mhariri akaguna. Kaida hiyo haina utafiti nyuma yake. Hupima muda, ilhali kinachoumiza ni namna: dakika moja ya kutua juu ya udongo mgumu ni mbaya kuliko saa nzima ya kuzurura majanini kwa hiari, ambako kilebu hulala achokapo. Utafiti wa Norway uliotolewa mwaka 2012, juu ya mbwa takriban 500 wa jamii nne kubwa, ulionyesha kwamba vilebu waliokwea ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walizidi kupata ugonjwa wa nyonga, na waliocheza huru nje, katika ardhi isiyo sawa, walipungukiwa nao. Kwa hiyo anayemfungia kilebu kizimbani kwa hofu amekosa kama anayemrusha.

Na maadamu nimeanza kugombana, niseme pia juu ya yule aliyeuza unga wa chokaa ya mifupa langoni. Huko Utrecht, katika miaka ya 1980, vilebu wa Great Dane waliozidishiwa kalsiamu ndio walioharibika mifupa, kwa kuwa kilebu hawezi kuikataa ile ya ziada. Akonde kidogo, ale chakula kamili cha vilebu wa jamii kubwa, basi.

Mwenye kilebu yule, kama anasoma, asingoje kuona mguu umepinda. Ampeleke kwa daktari wa wanyama, na baada ya majuma machache apigwe picha ya miguu yote miwili ya mbele, ili mmoja ulinganishwe na wa pili. Sahani ikiwa imefunga, daktari anaweza kukata kipande cha mfupa wa nyuma ili wa mbele upate nafasi ya kunyooka, lakini tiba hiyo hufaa maadamu mnyama angali akikua. Akishapevuka, hubaki kuukata na kuupanga upya ule uliopinda wenyewe.