Radhi Katika Utendi wa Mwana Kupona: Suala la Mbinu kwa Mtafiti wa Uzamili

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1275 Hijria (1858 Miladia), ni utungo ambao mwanafunzi wa uzamili anayechunguza utamaduni wa Waislamu wa pwani ya Kenya hawezi kuukwepa. Mtunzi wake, Mwana Kupona binti Mshamu, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said wa Unguja. Akiwa mgonjwa, alimwita bintiye, Mwana Hashima, aketi na wino na karatasi apokee wasia.

Uhakiki wa utendi huu umefuata mikondo miwili mikuu. Wa kwanza unauchukulia kuwa waraka wa utiifu: mama anamfunza binti kumnyenyekea mume, na basi beti zake ni ushahidi wa unyonge wa mwanamke Mwislamu. Wa pili unadai kwamba chini ya utiifu huo mna kejeli, kwa kuwa mume anaelezwa kama mtoto asiyejua kusema, anayehitaji kulelewa. Mikondo hii inapingana, lakini imejengwa juu ya msingi mmoja. Yote miwili inalisoma neno radhi kana kwamba ni kisawe cha utii.

Radhi si utii. Utii hutoka kwa aliye chini. Radhi hutoka kwa anayeridhika, naye aweza kuitoa au kuizuia. Mtu aweza kutii maisha yake yote asipate radhi. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambamo hutumiwa kwa ridhaa ya Mwenyezi Mungu, lakini pwani limezama katika maisha ya kila siku: mtoto hutafuta radhi ya wazazi, aliyekosa huomba radhi, na mgonjwa aliyekata tamaa ya kupona hutakana radhi na jamaa zake. Mwana Kupona anapomhesabia bintiye radhi tano, yaani ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, hamtajii mabwana watano wa kutiiwa. Anamtajia wale ambao neno lao litamfaa siku ya hukumu.

Usomaji huu unaeleza sehemu mbili za utendi ambazo wahakiki wengi huzipita kwa haraka. Ya kwanza ni pale mama anapoihadithia ndoa yake mwenyewe: mumewe, alipokuwa akifariki, alilirudia tamko la radhi juu yake. Hiki ndicho kitovu cha wasia, kwani mama anafundisha kwa alichokipata. Ya pili ni dua ndefu inayofuatia. Anayeuona utendi kuwa mafunzo ya unyumba tu huiona dua hiyo kama kiambatisho cha desturi. Lakini aliyepewa radhi na mume sasa anamwelekea Mola, akiwaombea wanawe na jamaa zake. Utendi wenyewe, basi, ni tendo la mzazi kumwachia mwana radhi yake.

Haifai hoja hii itumiwe kuficha ukosefu wa usawa. Katika utendi, hatima ya mke akhera imefungwa na kauli ya mume, na mtunzi hasemi kwamba ya mume imefungwa vivyo hivyo na kauli ya mke. Mizani imeinama, na mhakiki ana haki ya kulisema hilo. Lakini alione mahali lilipo, katika mgao wa radhi, badala ya kulidhania katika kila ubeti.

Kosa la mikondo hii ni la mbinu. Wanafunzi wengi huusoma utendi katika hati ya Kirumi, kupitia matoleo kama la Alice Werner na William Hichens la 1934 au la J. W. T. Allen la 1971, na mara nyingi kupitia tafsiri ya Kiingereza iliyoambatishwa. Tafsiri hulazimika kuchagua neno moja pale ambapo Kiswahili kina uwanja mzima wa maana. Hata unukuzi ni ufasiri: hati ya Kiarabu ilivyotumiwa zamani haikupambanua e na i, wala o na u, na mara nyingi b na p ziliandikwa kwa herufi moja. Kila toleo, kwa hiyo, limeshatoa hukumu kabla ya mhakiki kufungua kinywa.

Mtafiti wa uzamili anahitaji mambo matatu: uwezo wa kusoma miswada, mingi ikiwa imehifadhiwa Dar es Salaam na London, ujuzi wa lahaja za kaskazini, na ufahamu wa dua na wasia kama tanzu zenye kanuni zake. Nadharia ya jinsia itamfaa baada ya hayo, wala haiwezi kushika nafasi yake. Mwana Kupona aliwaalika wanawake wote wausome utendi wake na kuyafahamu maana yake. Tasnifu inayotoa hukumu juu ya wanawake hao bila kulifahamu neno walilolitegemea mbele ya Mola wao haijaupokea mwaliko huo.