Taya la Habsburg na Brashi ya Velázquez

Mwaka 2019 watafiti wa Hispania waliwapa madaktari 10 wa upasuaji wa uso picha 66 za ukoo wa Habsburg, wazikague kama wanavyomkagua mgonjwa. Walichotafuta ni taya la chini lililochomoza na kulipita la juu, alama ambayo ukoo huo uliirithishana kizazi baada ya kizazi. Waliiona, na ikaonekana kwenda sambamba na ndoa za ndugu kwa ndugu. Sina ugomvi na madaktari hao, ila picha si eksirei. Kila taya tunaloliona humo limepita mkononi mwa mtu aliyekuwa akila mshahara wa mwenye taya. Swali la mhakiki ni moja: mchoraji alilifanyia nini?

Titian alilifunika. Katika turubai yake ya 1548, yenye kimo cha zaidi ya mita tatu, Kaisari Charles V, wa ukoo huo, yuko juu ya farasi, amevaa deraya na kushika mkuki, mwaka mmoja baada ya ushindi wake wa Mühlberg. Ndevu zimemeza kidevu. Hakuna adui wala maiti. Kuna mtu mmoja, miti na mbingu nzito. Jongo lilikuwa likimtesa mtu huyo kwa miaka, lakini mgongo umenyooka, na farasi ndiye anayefanya kazi ambayo miguu ya mwenyewe ilikuwa inaikataa.

Diego Velázquez hakupewa ndevu za kumsaidia. Alipoajiriwa katika kasri la Madrid mwaka 1623, akiwa na miaka 24, mfalme Philip IV alikuwa kijana wa miaka 18, uso mrefu, mweupe, mtupu. Mwaka huohuo amri za kubana matumizi zilipiga marufuku zile kola pana za marinda zilizozunguka shingo kama sinia. Ikaja kola ngumu, nyembamba, isiyo na pambo. Velázquez akaishika nafasi hiyo. Katika picha ya mfalme aliyevaa nguo nyeusi, iliyoko Makumbusho ya Prado, kola inaukata uso kutoka kwenye mwili, na taya linabaki wazi mbele yetu. Mchoraji hakuleta taji wala fimbo ya enzi kulifidia. Mkononi mna karatasi tu. Ukuta na sakafu vinakaribia kuwa kitu kimoja, na mfalme anasimama juu ya kivuli chake mwenyewe. Tazama miguuni: kuna vivuli vya miguu mingine. Velázquez aliichora imeachana, akaifunika, akaisogeza, na rangi ya juu imechujuka kwa miaka mpaka wazo la kwanza likajitokeza. Utulivu ule, kumbe, ulitafutwa kwa jasho.

Msomaji wa Mombasa ana sababu yake ya kumtazama kijana huyu. Mpaka mwaka 1640 taji la Ureno nalo lilikuwa lake, na Ngome ya Yesu ilishikiliwa kwa jina lake. Yusuf bin Hassan, sultani wa Mombasa, alipoasi mwaka 1631, mfalme aliyeasiwa ni huyu mwenye karatasi.

Sasa ruka hadi 1656, kwenye picha ya Velázquez iitwayo Las Meninas. Mwaka 1653 Philip alikuwa ameandika katika barua kwamba hapendi tena kukaa mbele ya Velázquez, kwa uzito wa mchoraji huyo na kwa kuwa hataki kujiona akizeeka. Velázquez akampa anachotaka kwa namna ambayo bado inanishangaza. Mfalme na malkia wamo picha nzima na hawamo: wamebaki sura mbili zenye ukungu ndani ya kioo kidogo ukutani. Taya lililokaguliwa kuliko yote Ulaya limeyeyuka katika mipigo michache ya brashi. Watu wote wa chumba kile, kuanzia Velázquez mwenyewe aliye mbele ya turubai yake kubwa, wamesukumwa nusu ya chini. Nusu ya juu ni dari na giza, na giza hilo halisemi lolote ila linaelemea.

Katikati amesimama binti yao Margarita, miaka mitano, mwanga wote juu yake. Mjakazi wa heshima amepiga goti akimpa kikombe cha udongo mwekundu. Ukiisogelea mikono ya nguo zao unaona madoa ya kijivu na mekundu yasiyo na mpango. Rudi hatua nne, yanakuwa lesi na utepe. Upande wa kulia yupo Maribárbola, mwenye kimo kifupi, ambaye kasri lilimweka kama kiburudisho. Velázquez amempa uso kamili na macho yanayotutazama sawasawa. Uso wa mfalme ni ukungu, wa mtumishi ni wazi. Siwezi kuamini kwamba hilo limetokea kwa bahati.

Mama yake Margarita, Mariana, alikuwa ameolewa na mjomba wake, yaani huyo Philip. Margarita naye aliahidiwa mjomba wake, Leopold wa Vienna, na picha zake zikatumwa huko mwaka hadi mwaka ili mchumba aone anavyokua. Yule wa takribani 1654 ana gauni la waridi, mkono mmoja juu ya meza yenye glasi ya maua, mwingine umeshika kipepeo cha kujipepea kilichokunjwa. Yule wa 1659 amemezwa na gauni la buluu lililopanuliwa nyongani kuliko urefu wa mikono yake. Mtoto anakua kidogo, gauni linakua sana. Rangi ni tamu mno hata unasahau kwamba hii ni bidhaa inayokaguliwa kabla ya kupokewa. Yeye na Leopold walioana mwaka 1666. Margarita alikufa 1673, na miaka 22 hajaifikisha.

Mdogo wake, Carlos II, aliangukia mikononi mwa Juan Carreño de Miranda, kwa kuwa Velázquez alikufa 1660. Wanajenetiki wamekokotoa kwamba kuoana kwa wahenga wake kulimfanya sawa na mtoto wa kaka na dada, au kuzidi kidogo. Katika picha ya takribani 1675, ndani ya Ukumbi wa Vioo wa kasri la Madrid, ana karatasi mkononi kama baba yake, na nguo nyeusi kama baba yake. Taya halikufichwa, na kwa hilo Carreño anastahili heshima. Ila hakuthubutu kumwacha kijana peke yake. Ameleta pazia, vioo vyenye fremu za tai, na meza iliyobebwa na simba wa shaba, vyote vikipaza sauti kumzidi mwenye picha. Velázquez alikuwa na ujasiri wa ukuta mtupu, na ndiyo maana Philip wake anabaki mtu, Carlos anabaki mrithi wa samani.

Carlos alikufa tarehe 1 Novemba 1700 bila mtoto, na Habsburg wa Hispania wakaisha naye. Moto wa 1734 uliteketeza kasri na ukumbi ule. Baadhi ya simba wa shaba waliokolewa, na leo wanabeba meza ndani ya Prado, jengo moja na picha hiyo ya Carlos.